Bagi ya rimoti kwa vumbi la Naivasha: ninunue seti ipi?

Swali: Fundi, salamu kutoka Naivasha. Mwanangu ana miaka 14 na rali imemwingia damuni. Gari la rimoti tulilomnunulia dukani lilivunjika mkono wa gurudumu la mbele siku chache tu baada ya kulifungua, na hakuna anayeuza kipuri chake. Sasa tunataka bagi (gari dogo la rimoti la njia mbovu) ya kujiundia wenyewe, inayoweza kustahimili njia za huku: vumbi jingi, mawe, mitaro iliyochimbwa na mvua. Nimetenga shilingi 60,000 kwa kila kitu. Rafiki yangu ananisukuma ninunue ya injini ya naitro, ile inayochoma mafuta badala ya kutumia umeme, kwa sababu inanguruma kama gari la kweli. Je, ni seti ipi isiyovunjika?

Jibu: Salamu ndugu yangu, na kijana umfikishie zake.

Seti isiyovunjika haipo. Hata bagi za mabingwa wa dunia huvunjika, tena mbele ya watu. Cha kuuliza ni kipande gani huwa kinatangulia kuvunjika, na kama kinauzwa peke yake. Gari lenu la kwanza lingekuwa bado linatembea leo kama mkono ule ungepatikana kwa mia tatu au mia nne.

Kwa hiyo kabla ya kutazama picha ya gari, tazama orodha ya vipuri vyake. Tafuta namba ya mkono wa chini wa mbele, kisha uone kama kuna wauzaji wawili au zaidi walio nao kwa sasa. Usipoupata, funga ukurasa huo, hata gari liwe zuri namna gani. Tamiya, kampuni ya Kijapani yenye makao Shizuoka, ilitoa bagi ya Grasshopper mwaka 1984 na kuirudisha sokoni mwaka 2005. Hadi leo vipuri vyake hupatikana. Ni gari dogo la plastiki, la mtindo wa zamani, lakini mtu aliyelinunua anajua akivunja kitu atakipata. Kampuni nyingine ninazozihesabu katika kundi hilo ni Kyosho ya Japani, Team Associated na Tekno za Marekani, na Arrma, ingawa Arrma kwa kawaida huuza gari likiwa limeshaundwa.

Tuje kwenye ardhi yako, maana hapo ndipo penye kazi. Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, madereva wa Ulaya walikutana na vumbi la huko kwenu, lile laini kama unga ambalo watu wa rali huliita fesh-fesh. Kipande cha Kedong kilijipatia jina kwa sababu yake. Vumbi lililosumbua magari yenye timu nzima ya mafundi ndilo utakaloliendeshea gari la kilo chache. Naomba ulichukulie kuwa ndilo adui wa kwanza, mawe yafuate.

Vumbi hilo huingia kwenye beringi. Beringi za bei rahisi huwa na kifuniko cha bati pembeni, na kati ya bati na ringi ya ndani kuna upenyo ambao unga ule hupita bila kubisha hodi. Chagua zenye kifuniko cha mpira. Zinazunguka kwa uzito kidogo zikiwa mpya, lakini ndizo za huko. Seti nyingi za bei ya chini, hasa za Tamiya, huja na bushi za plastiki badala ya beringi. Usizifunge kabisa. Bushi hula ekseli polepole, na vumbi likiingia hugeuka msasa. Nunua beringi za gari zima siku ileile unayonunua seti.

Huingia pia kwenye shokapu. Fito za shokapu zikipakwa vumbi hupanda na kushuka nalo, huchana mpira mdogo ulio chini, na oili huanza kutoka. Bagi nyingi kubwa huvalishwa soksi za mpira kwenye fito hizo. Kama zako hazina, zitafute.

Halafu kuna mota. Fanya jaribio hili na kijana: chukueni sumaku ya spika iliyokufa, ifungeni kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, ipitisheni kwenye vumbi la njia mnayokusudia kuendesha. Ikitoka na ndevu nyeusi, huo ni mchanga wenye chuma, jambo la kawaida kwenye ardhi ya volkano. Ndani ya mota mna sumaku. Mota iliyo wazi itajikusanyia ndevu zilezile, na zitasugua ndani mpaka uanze kusikia sauti ya mchanga. Kwa sababu hiyo ninapendekeza mota isiyo na brashi yenye bodi iliyofungwa pande zote, bila matundu. Zipo, na kwa kawaida tangazo lake litasema zinahimili maji na vumbi.

Jambo moja ambalo wengi hufanya kinyume: msipake grisi kwenye viungio vya ekseli vilivyo wazi, pale kichwa cha ekseli kinapocheza ndani ya kikombe chake. Grisi hukamata vumbi na kutengeneza uji wa kusagia chuma. Acheni pakavu, mpige brashi kila mnaporudi nyumbani. Grisi na oili zikae ndani ya difu (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu) na gia zilizofungwa, basi.

Sasa ukubwa. Bagi ya kipimo cha 1/10, yaani moja ya kumi ya gari la kweli, ina urefu wa sentimita 40 hivi, uzito wa kilo moja na nusu au zaidi kidogo, na tairi za kipenyo cha sentimita 8 hadi 9. Ya 1/8 inafika karibu nusu mita, kilo tatu na kitu, tairi sentimita 11. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo. Kwenye njia yenye mawe ya ukubwa wa ngumi, ile ndogo hugonga jiwe kwa pua na kusimama, ile kubwa hupanda na kuendelea. Tena bagi za 1/8 zilibuniwa tangu mwanzo kubeba injini, kwa hiyo chasisi yake ni bamba nene la alumini, ekseli ni za chuma, na difu zake tatu, ya mbele, ya kati na ya nyuma, hujazwa oili nzito. Kwa ardhi uliyonieleza, 1/8 ya kuendesha magurudumu yote manne kwa propela (fito linalopeleka nguvu mbele na nyuma) ndiyo ningechagua bila kusita. Ya kuendeshwa kwa mkanda usiiguse, kokoto moja kati ya mkanda na puli yake inatosha kumaliza siku.

Kuhusu naitro, mwambie rafiki yako sauti nakubali, ni tamu. Lakini Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban moja ya tano ya nguvu yake ikilinganishwa na Mombasa. Utakuwa unarekebisha kabureta asubuhi kukiwa na baridi na mchana jua likiwaka. Kichujio cha hewa kikipitisha vumbi mara moja tu, silinda imeisha. Na mafuta yake ni mchanganyiko wa methanoli na naitromethani unaowaka upesi. Hakuna atakayekubebea kwenye begi la ndege. Mota ya umeme haijali mwinuko. Itapoa kwa shida kidogo kwa kuwa hewa ni nyepesi, hilo tu.

Pesa. Hapa nitakuvunja moyo kidogo. Seti mpya ya 1/8 ya umeme kutoka kampuni kama Tekno, mfano wa EB48, peke yake huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 500, na seti za mashindano haziji na mota, kidhibiti cha mota, sevo (mota ndogo ya kugeuza usukani), rimoti, betri wala chaja. Nyingi haziji hata na tairi. Ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16, na shilingi 60,000 zako zimekwisha kabla gari halijawasha taa. Wengi huingia mtego huo: wananunua seti nzuri, kisha wanaifunga sevo dhaifu na betri ya ajabu ajabu, na baada ya mwezi wanalaumu seti.

Una njia mbili ninazoziona.

Ya kwanza ni seti mpya ya 1/10, na ningekuelekeza kwenye TT-02B ya Tamiya. Ni ya magurudumu manne, inaendeshwa kwa propela, gia zake zimefunikwa, chasisi ni beseni la plastiki linalojipinda badala ya kupasuka, na shokapu zake ni za oili. Inaundika kwa wikendi moja na kijana wa umri huo anaiweza karibu yote peke yake. Ukiifunga beringi na ukaiachia mota ya wastani, itadumu kwenye njia za udongo na nyasi. Ukiifunga mota kali, propela yake ya plastiki na viungio vya usukani vitaanza kulalamika. Na kwenye mawe makubwa itakwama, nisikudanganye.

Ya pili, na ndiyo ninayoipenda kwa hali yako: tafuta chasisi ya 1/8 iliyotumika, ya kampuni kubwa, bila vifaa vya umeme. Wanaoshindana hubadilisha gari kila toleo jipya likitoka, na la zamani huuzwa kwa bei ya kutupa. Mkiipata, ifungueni yote mpaka skrubu ya mwisho, osheni, badilisheni beringi, jazeni oili mpya, mrudishie. Kijana atakuwa ameunda gari, na atajifunza zaidi kuliko yule aliyefungua mifuko mipya iliyopangwa kwa namba. Pesa iliyobaki iende kwenye sevo, mota na betri.

Ila chasisi iliyotumika ina mambo ya kutazama. Igeuze kwanza. Tumbo lililochunika ni kawaida. Lililoliwa mpaka vichwa vya skrubu vimekuwa bapa na bisibisi haiwezi kushika, utalia wakati wa kufungua. Tazama pia kama bamba limepinda mbele, pale linapoinuka kuelekea bampa: liweke juu ya kioo cha meza na uone kama linacheza. Shika kila gurudumu ulitikise. Mchezo kidogo ni wa pini zinazoshika mikono ya magurudumu, hizo ni bei rahisi. Lakini kama tundu lenyewe la alumini limekuwa yai, kipande kizima ni cha kubadilisha. Ondoa shokapu, inua mkono wa gurudumu, uachie: unatakiwa kuanguka wenyewe kwa uzito wake. Ukikwama, pini imepinda. Zuia propela ya mbele kwa kidole, zungusha gurudumu moja la mbele. La upande wa pili lizunguke kinyume, kwa ulaini na upinzani kidogo. Ukisikia kitu kinaruka ndani, meno ya difu yamekwisha. Kama muuzaji hataki kukutumia picha za haya, tafuta mwingine.

Usishawishike na mikono ya alumini. Inang'aa, inauzwa kila mahali, na kijana ataitaka. Mkono wa plastiki ya nailoni hujipinda ukigonga jiwe na kurudi. Ikizidi, unavunjika wenyewe na umepoteza shilingi mia kadhaa. Wa alumini haujipindi. Pigo linapita moja kwa moja mpaka kwenye kishikilia pini, difu na chasisi, na huko vipuri ni ghali mara nyingi zaidi. Ukipinda kidogo, haurudi. Mahali pa alumini ni kwenye vishikilia pini, nguzo za shokapu na pembe ya sevo. Mikono iwe nailoni, na muwe na jozi mbili za mbele za akiba tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndiyo itakayotangulia. Kidokezo kidogo cha wazee wa fani: nailoni iliyokauka huwa ngumu na ya kukatika. Chemsheni mikono mipya kwenye sufuria ya maji kwa nusu saa, muiache ipoe humohumo. Inanyonya maji na kuwa na unyumbufu. Mama asikute mmetumia sufuria ya chai.

Akiba nyingine: pini za mikono, gia kubwa ya katikati, vichwa vya mpira vya fito za usukani, na hab (vitovu) za magurudumu ya mbele. Hapo mnaweza kukaa msimu mzima.

Sevo isiwe ya kubahatisha. Kwa 1/8 tafuta yenye gia za chuma na nguvu ya kusokota ya kilo-sentimita 20 hivi; kwa TT-02B 8 hadi 10 zinatosha. Hakikisheni kiungo cha kulinda sevo, kile chenye springi kinachokubali kuteleza gurudumu likigonga, kipo na hakijakazwa mpaka kikafa.

Mwendo ndio unaovunja kuliko jiwe lenyewe. Nguvu ya pigo hukua kwa mraba wa mwendo: gari linalogonga kwa kilomita 60 kwa saa hupigwa zaidi ya mara mbili ya lile la kilomita 40. Kwa 1/8, betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli nne, volti 14.8, na mota ya mizunguko 2,000 hivi kwa dakika kwa kila volti ni zaidi ya kutosha. Hobbywing, kampuni ya Kichina, wana vidhibiti vinavyokubali seli tatu hadi sita, lakini msishawishike na sita. Halafu fungeni pinioni (gia iliyo kwenye mota) ndogo, yenye meno mawili au matatu pungufu ya ile inayopendekezwa. Gari litapoteza mwendo wa mwisho ambao njia zenu hazina nafasi nao, litapata nguvu ya kupanda, na mota itakaa baridi. Mkisimama, gusa mota: ukishindwa kuacha kidole hata sekunde chache, imezidi joto, punguzeni tena. Rimoti nyingi za kisasa zina kitasa cha kupunguza kasi, anzeni nusu.

Kwenye kuunda nitasema machache. Skrubu ikirudi kwenye tundu la plastiki lililokwisha kutumika, izungushe kwanza kinyume polepole mpaka uisikie imedondoka kwenye njia yake, ndipo uikaze. Hivyo haichimbi njia mpya na kulegeza tundu. Gundi ya buluu ya kuzuia nati itumike pale chuma kinapoingia kwenye chuma tu, baada ya kufuta mafuta kwa spiriti. Kwenye plastiki hupasua. Pinioni na gia kubwa ziachane kwa unene wa karatasi: weka kipande cha karatasi ya daftari kati yake, zisukume zikutane, kaza mota, kisha izungushe karatasi itoke. Ikitoka imekunjika kama akodioni bila kuchanika, hapo ndipo. Difu ijazwe mpaka oili ifunike ile pini ya msalaba, iachwe mapovu yapande, ndipo ifungwe. Na skrubu za Tamiya za msalaba si sawa na zile za kawaida madukani. Zinahitaji bisibisi ya kipimo cha Kijapani, JIS. Bisibisi nyingine hupanda juu na kuharibu kichwa. Za 1/8 ni za heksa, milimita 2 na 2.5, nunua funguo nzuri, kwa sababu za bei ya chini huzunguka ndani ya skrubu na hapo mtaanza kutafuta drili.

Betri ni suala la usalama, kwa hiyo baba ushike hili mwenyewe. Chaja iwe ile inayosawazisha kila seli. Betri ya miliampea 5,000 ichajiwe kwa ampea 5, juu ya sakafu ya saruji, mtu akiwepo. Isishuke chini ya volti 3.2 kwa seli. Kidhibiti kinaweza kupangwa kukata hapo. Isipotumika kwa zaidi ya siku chache, ibakie kwenye volti 3.8 kwa seli, isiwe imejaa. Ikivimba, imekwisha, hata kama bado inasukuma gari. Ikiwa stima hupotea mara kwa mara kwenu, chagua chaja inayokubali pia volti 12 za betri ya gari. Na kama kuna mtu anakubebea kutoka Dubai au London, betri ya seli nne ya miliampea 5,000 ni wati-saa 74, chini ya kikomo cha 100 kinachokubaliwa kwenye begi la mkononi. Ya seli sita inafika 111, na hiyo inahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Betri zote za akiba ziwe kwenye begi la mkononi, kamwe zisiwe kwenye mzigo wa chini.

Ukipata tangazo la chasisi iliyotumika na unasita, nitumie picha ya tumbo lake, ya meno ya gia ya katikati, na ya vishikilia pini vya mbele kwa karibu, pamoja na jina la toleo. Nikiona hizo tatu naweza kukwambia kama ni ya kununua au ya kuacha.